Kamba ya Kitinda

Simu ya Dada ilimkuta Kitinda na pasi mkononi, akinyoosha mashuka ya hoteli katika nchi ya watu. Dada hakusalimia. Tangu lini?

"Mama anaondoka. Tiketi nimeshakukatia, ya kesho."

"Ya kurudi je?"

"Mzazi anakata roho, wewe unauliza ya kurudi?"

Ilikuwa ya kwenda tu. Mumewe Kitinda, fundi wa lifti, mtu wa maneno machache, aliitazama ile tiketi kwenye simu akaisoma tena. "Ndugu gani anamkatia mwenzake tiketi ya kwenda tu? Tena na hali yako hii?"

Hali yenyewe ilikuwa mimba ya miezi mitano, baada ya mbili zilizoharibika. Kwao hakuwa amewaambia. Kikulacho ki nguoni mwako, na jicho la Dada alilijua tangu utotoni. Lakini mama ni mama, hata aliyekulea kwa makofi. Alivaa gauni pana, akaenda. Ndege ilipopaa mtoto alimpiga teke la nguvu, naye akacheka peke yake kwenye kiti.

Alifika jua likizama. Dereva wa teksi alimshushia sanduku, akaitupia nyumba jicho moja, akawasha gari kabla hajaambiwa asante.

Mbele palikuwa na duka la kushonea, vyumba vikiwa nyuma. Mama yao alikuwa fundi cherehani aliyedharau futi kamba za dukani. Yeye alipima kwa uzi mnene: fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la nyonga. Kila mtu na kamba yake, imetundikwa msumarini. Mwenyewe akifa, inachomwa siku hiyo hiyo. Na mwenye mimba hapimwi kwa kamba. Huyo alikisiwa kwa macho tu, akashonewa pana. Walipouliza sababu wakiwa watoto, walikula kofi kila mmoja, habari ikaishia hapo.

Dada alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umenenepa. Raha za huko."

"Miguu imevimba tu kwa safari. Mama yuko wapi?"

Chumba cha nyuma kilinuka mafuta ya cherehani na kitambaa kilichoungua. Mama alikuwa amebaki mifupa chini ya shuka. Alipomwona binti yake wa mwisho, macho yalimtoka.

"Kitinda... nani amekuita?"

"Dada, mama. Nimekuja kukuuguza."

Mama akamshika kidole. Mkono ulikuwa baridi. Akanong'ona, "Usisimame mbele yake..."

"Anaweweseka," Dada akadakia. Mkononi alishika kamba mpya, haina fundo hata moja. "Hebu simama nikupime. Nilijaribu kamba yako ya zamani, gauni likaikataa."

"Gauni gani tena, watu tuna mgonjwa?"

"Sare yako na mama. Ndilo ombi lake la mwisho. Utamnyima?"

Kitinda akakumbuka ile sheria ya nyumba. Kukataa ni kusema. Na kusema mbele ya Dada, mwenye jicho lile, baada ya mimba mbili kumwagika? Heri sheria ya kizee ivunjwe kuliko siri kutoka. Akabana tumbo, akanyanyua mikono.

Kamba ilipita kifuani. Ikapita kiunoni. Pale mkono wa Dada ukasita kidogo...

Halafu akakaza fundo.

Kitandani, mama alianza kulia bila sauti. Dada alitoka na kamba kuelekea dukani, akarudi mikono mitupu, akafunga mlango kwa ufunguo na kuuegemea.

Krrrr... krrrr... krrrr.

Cherehani ilikuwa inashona.

Kitinda alimtazama mama. Akamtazama Dada. Nyumba hii haikuwa na mtu wa nne.

"Nani anashona?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Mwache amalize. Usimchungulie."

Krrrr... Kanyagio likapiga kasi, likapunguza kama mtu anayekata kona ya pindo. Kimya. Kisha nyayo, za miguu mitupu, nzito. Zikasimama nyuma ya mlango. Harufu ya kuungua ikazidi mpaka Kitinda akaziba pua.

Dada alifungua upenyo mdogo, akapitisha mkono, akavuta gauni la buluu. Lilikuwa na vuguvugu la nguo iliyovuliwa sasa hivi.

Alimvalisha mama kwa nguvu. Kwa haki lilipaswa kumpwaya, maana vipimo ni vya mtu mwenye nyama. Halikumpwaya. Lilimkaa sawasawa.

Hapo ndipo Kitinda alipoelewa: uzima wake ndio aliovishwa mama. Alirukia mlango. Dada akamsukuma ukutani.

"Mimi nimemfulia, nimemlisha, nimemgeuza usiku na mchana. Ujana wangu umeishia chumba hiki! Wewe ulimpa nini? Picha za kwenye simu? Fundi mtu mmoja anamtosha. Leo ni zamu yako."

Baridi ilimpanda Kitinda kuanzia nyayo, ikampita magotini, ikafika tumboni. Alifumba macho akingoja kufa.

Hakufa.

Baridi iliishia pale pale, ikatoka. Alipumua. Akahesabu vidole, akajifinya. Mzima! Na mama naye alikuwa ameketi kitako, mashavu yana damu, anaomba maji. Akayanywa yote, akaomba mengine.

Kitinda alicheka kwa sauti, cheko la mtu aliyenusurika. "Umeumbuka, Dada! Mimi mzima, mama mzima. Mwambie fundi wako akajifunze upya."

Dada alikuwa anamtazama mama, aliyekuwa ameweka kikombe chini na kupeleka mkono taratibu juu ya tumbo.

"Jamani..." mama akasema. "Kuna kitu kinacheza humu."

Kitinda aliacha kucheka. Akajishika tumbo. Akalibonyeza, huku na huku, akasubiri. Akalibonyeza tena.

Kimya.

Dada aliteleza ukutani mpaka chini. Kwa mara ya kwanza maishani alionekana kuogopa.

"Mbona hukuniambia mko wawili?"

Juma lililofuata mumewe alipiga simu. Alikuwa na furaha, amepata tiketi ya kurudi. "Mama si amepona? Basi rudini nyumbani, wewe na mwanangu."

Kitinda alikuwa dirishani, gauni pana linampwaya kama limetundikwa msumarini. Uani mama alikuwa anatembea, mkono mmoja mgongoni, gauni la buluu limeanza kumbana ubavuni. Hathubutu kulivua. Dukani, ambako Dada hakanyagi tena, cherehani ilikuwa inashona kitu kidogo kidogo, vipande vifupi vifupi.

"Kata yako wewe, uje huku," Kitinda akasema. "Mwanao hawezi kusafiri."