Shetani Hakuwa na Ufunguo

"Shetani alinipitia, mke wangu."

"Alikupitia saa ngapi?"

"Eh?"

"Nauliza saa ngapi. Alikukuta umeshamaliza kukunja mashati yako, au mlisaidiana? Maana kabati lilifunguliwa kwa ufunguo, bwana. Shetani hakuwa na ufunguo wa kabati langu."

Besi alisimama mlangoni mwa chumba cha ushonaji, kakumbatia Biblia mpya ya zipu, bado ina harufu ya dukani. Fundi, mkewe, aliitazama ile Biblia, akaguna, akarudisha mguu kwenye cherehani.

Huyu Besi ndiye mumewe. Jina alipewa na wanakwaya kwa ajili ya sauti yake nzito, ila sauti ndiyo ilikuwa nzito peke yake. Mengine yote kwake yalikuwa mepesi. Miaka miwili nyuma Fundi alifanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni, na Besi alitakiwa kwenda kumchukua hospitali Jumamosi asubuhi. Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba magotini, mpaka saa nane mchana. Muuguzi kila akipita anauliza, "Mwenye mgonjwa huyu yuko wapi?" Ndipo meseji ikaingia:

"Nimeondoka. Nimepata amani sehemu nyingine. Usinitafute. Nitakuombea."

Amani yenyewe ilikuwa dada mmoja wa kwaya waliyemwita Sauti ya Kwanza. Walihama mji pamoja. Fundi alirudi nyumbani peke yake, kashika mshono wa tumbo, akakuta nusu ya kabati iko tupu. Hata hanga hazikubaki.

Sasa Sauti ya Kwanza kampata mwenye sauti nzito zaidi, na Besi kaokoka. Jumapili iliyopita alipewa kipaza sauti, akaeleza alivyopitiwa na shetani, akalia kwa ufundi, kanisa zima likasimama kumpigia makofi. Fundi alikuwa benchi la nyuma. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mumewe alisamehewa na watu mia mbili ambao hakuwahi kumkosea hata mmoja wao.

"Mke wangu, Mungu amenisamehe," Besi akasema.

"Hongera. Basi si uhamie kwake?"

Kabla Besi hajajibu, mama mkwe aliingia bila hodi, nyuma yake mchungaji, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mama mkwe alikuwa na kitambaa cha rangi ya zambarau mkononi.

"Mwanangu, tumekuja na habari njema! Jumapili hii ndoa yenu inabarikiwa upya. Nimeshawaambia kina mama wote."

"Na mimi nilikuwa nimepangwa kuambiwa lini, mama?"

"Si ndiyo nakuambia? Na hiki kitambaa ni cha joho lake la kwaya, ulishone pamoja na mengine. Vipimo vyake si unavyo?"

"Mama, mwanao hajaniomba radhi."

"Hajaomba? Kanisa zima limesikia!"

"Kanisa limeombwa. Mimi sijaombwa."

"Imeandikwa, mwanangu. Saba mara sabini!"

"Hiyo ni mia nne na tisini, mama. Mimi hata moja sijaiona, mnanikimbiza nikamilishe hesabu yote?"

Mama mkwe alisonya, akamshika mwanawe mkono kama anampeleka kliniki, wakatoka. Mchungaji alibaki. Alivuta kigoda, akakaa.

"Mwanangu, nisikilize kidogo. Mimi husimama mbele, kwa hiyo naona midomo. Miaka miwili sasa, kwenye Sala ya Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, wewe unafunga mdomo. Unaturuka, unatusubiri mbele."

Fundi alisimamisha cherehani. Hakujua kama kuna mtu aliona.

"Siwezi kumdanganya Mungu kwa sauti, mchungaji."

"Hilo lina heshima yake. Na kuhusu mumeo, mimi pia nilikosea, nilimpa kipaza sauti kabla ya kukuuliza. Nisamehe."

"Wewe nimekusamehe."

"Umeona? Kumbe unaweza." Mzee akatabasamu, kisha akaacha. "Lakini dharau imekunogea, mwanangu. Unaamka nayo, unalala nayo. Siku itakapoisha sijui utakula nini."

Maneno yale yalimchoma Fundi kwa sababu yalikuwa kweli. Alikuwa anaipenda dharau yake. Ilimsimamisha siku zile ambazo tumbo lilikataa asimame. Lakini mdomo uliofungwa mbele ya Mungu ulikuwa wake, si wa Besi, na hilo lilimkera.

"Mwambie aje kesho asubuhi," akasema mwishowe. "Peke yake. Ile Biblia aiache nyumbani, aje na mikono tu."

Besi alifika saa tatu kamili. Fundi alimpa joho kuukuu la kwaya na wembe.

"Kaa hapo. Hapa kwangu aliyeharibu mshono ndiye anayeufumua, hatumwi mtu mwingine. Nieleze ulichofanya. Kila ukimsingizia mtu, unafumua mshono mmoja."

"Hilo tu? Sawa. Mke wangu, mimi nilipitiwa na she—"

"Fumua."

Besi akafumua ukosi.

"Yaani ibilisi ni mjanja..."

"Si huyohuyo? Fumua."

Mkono wa kushoto wa joho ukatoka.

"Tulikuwa na matatizo yetu, unakumbuka..."

"Tulikuwa? Mimi nilikuwa kwenye dripu. Fumua."

"Mwili ni dhaifu, mke wangu."

"Mwili wa nani? Waliupasua wangu. Fumua!"

Ikafika saa tano. Joho lilikuwa vipande sakafuni, uzi umejaa kwenye suruali yake ya wokovu, na Besi hakuwa na kitu cha kufumua tena. Alitazama mikono yake. Aliposema, ile sauti ya kutikisa madirisha haikuwepo.

"Nilichoka."

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Ulipougua nilichoka. Nilichoka kupika uji, nilichoka kukusikia ukilalamika usiku. Yule alikuwa anacheka, na akicheka najiona kijana. Ile Ijumaa nilipiga pasi mashati yangu mwenyewe. Taratibu, hata kola. Nilikuwa..."

"Ulikuwa nini?"

"Nilikuwa naimba."

Fundi alishika ukingo wa meza. Hilo hakulijua. Miaka miwili alimfikiria akiondoka mbio mbio kama mwizi, kumbe alikuwa anaimba. Liliuma kuliko meseji.

"Hakuna aliyenipitia," Besi akasema, machozi yakimtoka bila ufundi wowote, na kamasi juu. "Nilipita mwenyewe. Nilikuacha na mishono mibichi, nikapita. Nisamehe."

"Na huku kuokoka? Ilikuwa kabla hujafukuzwa au baada?"

"Baada." Akameza mate. "Wiki mbili baada. Sikuwa na pa kwenda."

Kwa mara ya kwanza Fundi alimwona mumewe bila kwaya nyuma yake. Alikuwa mtu mdogo tu, mwoga, mwenye nyuzi kwenye suruali. Alitafuta dharau yake ya kila siku, akaikuta, lakini ilikuwa imepoa.

"Hayo hayo uyaseme Jumapili."

"Mbele ya watu?"

"Makofi si uliyapokea mbele ya watu?"

Jumapili kanisa lilijaa. Mama mkwe alikuwa benchi la mbele, kavaa kofia yenye ua. Besi alishika kipaza sauti, akawatazama watu wake, na watu wake wakaweka mikono tayari kwa makofi. Fundi aliona mdomo wa mumewe ukijiandaa kutamka "she". Akajisemea moyoni, haya, mbwa karudia matapishi.

"She..." Besi akaanza. Akasimama. Akamtazama mkewe kule nyuma. "Shetani mumwache. Wiki iliyopita niliwadanganya. Nilimwacha mke wangu hospitali kwa sababu nilichoka kumuuguza. Nilitaka mwenyewe."

Akasema yote, mpaka pasi, mpaka kuimba. Sauti ilikuwa ndogo hata mabenchi ya nyuma yakaomba arudie, na akarudia. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu alikohoa. Kofia ya mama mkwe iliinama mpaka ua likaangalia sakafu. Watu wanaopenda ushuhuda hawakuupenda huu, haukuwa na pa kusema haleluya.

"Tuombe," akasema mchungaji.

Walianza Sala ya Bwana. Walipokaribia pale, mzee aliinua macho juu ya miwani. Fundi aliuhisi mdomo wake mwenyewe unataka kujifunga kwa mazoea. Akaufungua. Maneno yalitoka makavu na yenye kukwaruza, akachelewa nyuma ya wenzake, akalimaliza lile la kuwasamehe waliotukosea peke yake wakati kanisa zima limeshasonga mbele. Kila mtu alimsikia. Safari hii waligeuka. Alikuwa analia, na hakujali.

Nje, mama mkwe hakungoja hata ngazi ziishe.

"Umesamehe! Nimesikia kwa masikio yangu! Basi mabegi yake yanakuja leo!"

"Nimemsamehe, mama. Kweli kabisa. Mabegi ni habari nyingine."

"Sasa ni msamaha gani huo?"

"Ni wangu, mama. Mlikuwa mkinipa wenu."

Besi alimsogeza mama yake pembeni kwa adabu. Hakuwa na Biblia ya zipu. Alikuwa na kile kitambaa cha zambarau, kimekunjwa vizuri.

"Sikuombi kurudi," akasema. "Nauliza tu kama... joho langu. Vipimo si unavyo?"

"Ukurasa wa vipimo vyako nilishauchana."

"Ah. Sawa." Akageuka aende.

"Umeambiwa uende? Kesho saa tatu, njoo nikupime upya. Utapanga foleni kama wateja wengine."

Besi akainua uso, na tabasamu likaanza kumponyoka.

"Na ukichelewa," Fundi akasema, akichukua kitambaa, "usije ukaniambia nani amekupitia."