Wali wa Strungi

Mchele aliotia Murugi ulikuwa mweupe. Hilo aliliapa baadaye mbele ya pasta na mbele ya mumewe, na angalau katika hilo alikuwa anasema kweli. Vikombe viwili vya pishori, ule mchele wa Mwea unaonukia, mweupe pe, aliuosha mara tatu, akautia ndani ya presha kuka ya stima, akafunga kifuniko na kubonyeza kitufe. Ilipolia kwamba chakula kiko tayari, akaachilia mvuke, akafunua. Wali uliokuwa ndani ulikuwa wa kahawia.

Akadhani ni kutu, lakini kutu itoke wapi kwenye chombo kipya? Akaonja. Kulikuwa na uchungu wa mbali wa majani ya chai, na Murugi akaweka kijiko chini polepole, maana ladha ile aliijua kuliko mtu yeyote Nyeri nzima.

Murugi alikuwa fundi wa sare za shule pale mjini, mwanamke wa ulimi mtamu, na kanisani walimsifu kwa jinsi alivyomtunza mama mkwe wake hadi mwisho. Mumewe, Theuri, alikuwa dereva wa hoteli moja Nanyuki, anakuja nyumbani Ruring'u Jumamosi na kurudi Jumapili. Mama yake Theuri, ambaye wote walimwita Cucu Monicah, yaani nyanya Monicah, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na macho yake yalikuwa yamefifia hadi akawa anatambua rangi ya kitu tu. Daktari alimkataza wali mweupe. Kwa kuwa ajuza yule aliupenda wali kuliko chakula kingine chochote, Theuri alinunua ile presha kuka, akaileta kutoka Nanyuki akiwa ameipakata. Alimweleza mkewe kwamba mchele wa brauni, ule wa kahawia usiokobolewa, ambao kwenye gesi unakula karibu saa nzima, humu unaiva kwa dakika ishirini na mbili.

Murugi aliiogopa. Alikuwa amesikia kwamba hizo huwa zinalipuka. Tena ilikuwa nzuri mno kupikiwa. Akaiweka juu ya kabati sebuleni, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama tunavyofanya sisi watu wa huku kwa kila kitu kizuri, ikakaa pale mwaka mzima bila kuonja maji, Theuri akidhani hushushwa kila jioni.

Na mchele wa brauni je? Huo nao aliuona ni adhabu. Mtu ametoka kushona jioni, mgongo unauma, halafu angojee chakula cha mtu mmoja saa nzima? Alipika pishori mweupe kwa wote, akachemsha strungi nzito, ile chai kavu isiyo na maziwa, akaimwaga kwenye fungu la Cucu hadi wali ukashika rangi. Kikongwe alitafuna, akatafuna tena.

"Mama Moni, hii mchele siku hizi ni laini sana," akamwambia Murugi, akimwita kwa jina la bintiye.

"Ni presha kuka, Mami," Murugi akajibu. "Inalainisha kila kitu."

Akashukuru, maskini, akamaliza sahani.

Mwezi wa Mei Cucu Monicah alilala asiamke. Wiki yake ya mwisho chumba kilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi, naye aliomba maji mchana kutwa, akigonga sahani yake ya bati kwa kijiko mara tatu, ko, ko, ko, kama alivyozoea kuita. Kwenye mazishi Murugi alilia kuliko wote.

Sasa ilikuwa Julai, baridi ya Nyeri imekaza, gesi imemwishia na Theuri yuko njiani. Ndiyo maana aliishusha presha kuka. Theuri alipofika na kuona wali wa kahawia, machozi yakamlengalenga.

"Kumbe hii ndio ulikuwa unapikia Mami," akasema. "Asante sana, Murugi."

Pale alikuwa na nafasi ya kusema. Akasema tu, "Karibu." Na kule jikoni, ingawa waya ulikuwa umechomolewa, kizibo cha mvuke kikagonga mara tatu.

Jumatatu, gesi imeshajazwa, alijaribu tena. Mchele ule ule kwenye sufuria ulitoka mweupe. Kwenye presha kuka ulitoka wa kahawia. Akatia maji matupu, akafunga, akangoja huku ameshika ukuta. Alipofunua, ilikuwa strungi, nyeusi, inafuka moshi. Akaimwaga kwenye sinki.

Akaifungasha na kumpelekea Phyllis, jirani yake wa chama cha akina mama wa kanisa, akamwambia ni zawadi. Phyllis alifurahi siku mbili. Ya tatu akairudisha mwenyewe, akaiacha mlangoni, na hakutaka hata kuingia.

"Inapika tu vizuri," akanong'ona. "Lakini ikitoa mvuke inaita mtu."

"Inaita nani?"

"Mama Moni. Kwangu hakuna Mama Moni."

Moni alikuwa binti yao wa pekee, wa miaka sita. Alipewa jina la mama ya baba yake, kama Wagikuyu wanavyofanya kwa binti wa kwanza, na kwa hiyo Theuri hakumwita Monicah hata siku moja. Alimwita Mami, kama alivyomwita mamake. Cucu mwenyewe alikuwa akimpakata na kuwaambia wageni, "Huyu ni mimi." Wageni walicheka, na Murugi alicheka nao. Hakuna kitu duniani alichokipenda kama mtoto yule.

Akamwita Pasta Gatimu. Pasta alikuja saa nane mchana na chupa ya mafuta, akaitazama presha kuka, akamtazama Murugi. Akasema kwamba jini haliingii nyumba bila kufunguliwa mlango. Akamuuliza kama kulikuwa na jambo kati yake na marehemu.

"Hakuna, pasta. Tuliishi vizuri."

Pasta akaomba kwa nguvu, akaimwagia mafuta, akaamuru kilichomo kitoke. Kifuniko kikatetemeka, mvuke ukatoka kwa mlio mrefu wa mtu anayeshusha pumzi, kisha kimya. Jioni Murugi alipika pishori mweupe, ukatoka mweupe. Akaimba. Kilikuwa kimetoka kweli, wala hakujiuliza kimekwenda wapi.

Asubuhi Moni alikunywa vikombe vinne vya maji kabla ya uji. Mchana akanywa jagi. Siku zilizofuata alianza kukojoa kitandani, mashavu yakabonyea, na mwalimu akatuma ujumbe kwamba mtoto analala darasani. Murugi alijiambia ni minyoo, akampa dawa ya minyoo, akajiambia ni baridi, akamvalisha sweta mbili. Ijumaa jioni, akiwa anampakulia chakula, aliinama kumfuta mdomo na pumzi ya mtoto ikampiga usoni, nzito na tamu, harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, ile ile ya chumba ambacho alikuwa amekifungua madirisha na kukidekia dawa na kukifunga tangu Mei, na kabla hajanyooka Moni akachukua kijiko, akakigonga kwenye sahani, ko, ko, ko, akamtazama kwa macho yasiyoona kitu na kusema taratibu kwamba mchele ni laini sana siku hizi, kisha akaanguka kutoka kwenye kiti.

Hospitalini daktari alisema ni sukari, imepanda vibaya sana, na kwamba usiku huo utaamua. Theuri alifika kutoka Nanyuki bado amevaa sare ya kazi. Wakakaa pande mbili za kitanda. Mtoto alikuwa amefumba macho, mirija mikononi, na kidole chake kimoja kilikuwa kikigonga chuma cha kitanda mara tatu, kinapumzika, kinagonga tena, na Murugi akaelewa kwamba anaitwa, na kwamba kidole hakitaacha kugonga hadi mtoto aishiwe nguvu.

Akasema. Alimweleza Theuri yote, pishori, strungi, kitambaa cha kufuma, hakuficha kitu, uso umelowa machozi. Kidole kikatulia.

Theuri alivuta shuka, akamfunika mtoto mabega.

"Mami alikuwa anakusifu kwangu kila Jumamosi," akasema. Basi. Hakuongeza neno juu ya hilo, na hadi leo hajaongeza.

Moni aliishi. Daktari aliwapa sindano za insulini za kila siku, za maisha, na karatasi ya vyakula. Kwenye orodha kulikuwa na mchele wa brauni. Theuri aliacha kazi ya Nanyuki, na walipofika nyumbani akaiweka presha kuka katikati ya meza ya jikoni, na kile kitambaa cha kufuma akakitupa motoni.

Murugi alipima kikombe cha mchele wa brauni. Aliuosha, akauloweka, akatia kikombe cha maji na robo, akafunga kifuniko na kugeuza kizibo. Dakika ishirini na mbili hakutoka hapo. Kisha akangoja kumi zaidi mvuke ushuke wenyewe, kama inavyotakiwa. Alifunua kwa hofu. Ulikuwa wa kahawia, punje moja moja, unanukia nafaka tu.

Moni aliomba sahani ya bati iliyokuwa chini kabisa ya kabati. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha. Akafumba macho, akatafuna taratibu upande mmoja wa mdomo, kama mtu asiye na magego, huku Murugi amesimama mbele yake ameshika mwiko. Kwamba mtoto yule hakumwita tena Mama tangu hospitali, alikuwa amejifanya hajaona.

"Leo ndio yenyewe, Mama Moni," mtoto akasema. Akagonga sahani mara tatu. "Ya kesho uloweke mapema. Mimi bado niko na miaka mingi hapa."

Murugi alimgeukia mumewe.

"Umemsikia Mami," Theuri akasema bila kuinua kichwa, akaendelea kula.

Murugi akachukua bakuli, akaenda kuloweka mchele.