Sumaku Isiyotulia

Keziah Waringa alikutana na Abass sokoni Isiolo, katikati ya wanawake wa maziwa ya ngamia, akiulizia mtu mwenye umeme wa jua usiokatika. Abass, kikoi cha buluu na shati lililopigwa pasi, alitabasamu.

"Stoo ya maziwa ya mama iko nao. Unataka kugandisha nini, dada?"

"Kompyuta. Ipige hesabu mwezi mzima."

Keziah alikuwa mwalimu wa fizikia, akisomea shahada ya pili. Alimweleza kwamba sumaku ikipashwa moto hufika kiwango cha joto ambapo nguvu yake hupotea, na kwamba karibu na kiwango hicho hufuata kanuni moja na vitu visivyofanana nayo hata kidogo. Lakini ukiiga sumaku ndogo kwenye kompyuta, badiliko lenyewe hufifia na kusogea. Ndiyo maana alihitaji kubwa, na kubwa huchelewa kutulia: hesabu ikikatizwa kabla, jibu si la kuaminika.

Abass alisikiliza jioni baada ya jioni, kisha kwenye simu, mpaka akawa anamwita macaanto, mtamu wake. Mama yake, Asho, akaanza kuuliza wazazi wa msichana ni kina nani.

Mwezi ulipoisha, sumaku kubwa ilitoa jibu lililopingana na ndogo zote.

"Kompyuta haikuzimika?" Keziah aliuliza.

"Hata kidogo, mpenzi."

Kwa kuamini neno hilo, Keziah alisimama mbele ya wasomi Nairobi akatangaza kanuni mpya. Mmoja wao, Profesa Kimotho, akamwonyesha taratibu kwamba sumaku yake haikuwahi kutulia. Lazima mashine ilikatizwa, alisema. Keziah akaapa haikukatizwa. Kazi yake ikakataliwa, na watu wakacheka kwa staha.

Keziah alipomrudia, Abass hakukana. Joto lilizidi, maziwa ya mama yakakaribia kuharibika, umeme haukutosha friji na kompyuta pamoja. Alizima kompyuta, akaiwasha baadaye, nayo ikaanza hesabu upya.

"Nilidhani ni kama friji," alisema. "Ukiwasha, inaendelea."

"Ungeniambia, ningerudia."

"Ungeihamishia Meru, kwenye umeme wa uhakika. Nilitaka uendelee kuja." Akamsogelea. "Nataka kukuoa, Keziah. Mama amekubali."

Neno hilo Keziah alikuwa amelingoja kwa hamu. Sasa lilimchoma.

"Nilikuuliza swali moja tu, Abass. Na wewe peke yako ndiye uliyejua jibu."

Huko Meru hesabu ilipigwa upya, na sumaku kubwa ikakubaliana na ndogo, kama kila mtu alivyotarajia. Kazi ikapita. Abass alipiga simu kumpongeza. Keziah alishukuru, akauliza hali ya Asho.

"Bado anakuulizia," Abass akasema.

Keziah akasema amsalimie, akakata simu kabla hajaulizwa atakuja lini.