Nyuzi Tisini Kutoka Wapi?

Kila asubuhi mshonaji alifungua duka lake, akaketi nyuma ya cherehani, na hapo ndipo siku yake ilipoishia. Mumewe, dereva wa gari dogo la mizigo, alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Lori lilimgonga akitoka kupeleka magodoro. Ripoti ya ajali ilisema kosa ni lake: aligeuka ghafla, gari likakingama barabarani.

Tangu hapo madereva wenzake walipita mlangoni wakitazama pembeni. Mchana kutwa redio ndiyo iliyomsemesha.

Siku moja jirani yake, mpima ardhi, alileta suruali ipunguzwe. Akaiona ripoti mezani.

"Shemeji, naweza kuisoma?"

"Soma tu. Mimi nimeisoma hadi macho yananiuma. Eti gari lilielekea nyuzi tisini. Nyuzi ninazozijua mimi ni za cherehani."

Jirani alicheka kidogo. Alilinganisha karatasi mbili za ripoti, ya vipimo na ya mchoro.

"Askari aliyepima barabarani alianza kuhesabu kaskazini, akazunguka kama mshale wa saa. Nyuzi tisini zake, yaani digrii tisini, ni mashariki. Mumeo alikuwa anaelekea wapi?"

"Mashariki. Barabara ile imenyooka kuelekea huko."

"Basi alikuwa anakwenda moja kwa moja! Lakini aliyechora ofisini alianza kuhesabu kwenye mstari wa barabara, akazunguka kinyume cha saa. Tisini ileile ikaligeuza gari, likakingama." Alizungusha mkasi juu ya kitambaa ili aone. "Namba peke yake haitoshi, shemeji. Lazima iandikwe sifuri iko wapi, na tunazungukia upande gani."

Mshonaji alishika meza. "Ndiyo maana! Gari lilibonyea nyuma, si ubavuni. Nilisema, nikaambiwa ni uchungu tu unanisumbua."

Kesho yake walikwenda pamoja kituo cha polisi. Mkuu wa trafiki alikagua vipimo na picha, akaliona kosa. Baada ya wiki tatu alitoa ripoti mpya: dereva hakugeuka. Akaagiza pia kila mchoro uoneshe sifuri ilipo na upande wa kuzungukia.

Madereva walikuja nyumbani kumpa pole, vichwa chini. Aliwapokea. Walipoondoka alifunga mlango, akaisoma ripoti kwa sauti, neno kwa neno, kama vile kuna mtu chumba cha pili anasikiliza.

"Hukukosea," alisema.

Alijilaza upande wake wa kitanda, akalia kwa mara ya kwanza bila hasira.