Siku Tisa Bila Neno

Ndugu zangu, sikilizeni yaliyowapata Apolinari na mkewe Kandida, wakulima wa mpunga karibu na Ifakara, mwaka ule wa vita vya Maji Maji. Walipendana. Jioni walikaa uani wakipiga soga, na binti yao Digna, wa miaka minne, akiwarukia magotini.

Siku moja Apolinari alimwita mkewe mvivu mbele ya kaka zake. Kandida aliumia, akanyamaza. Apolinari alijua amekosea, lakini aliona haya kuomba radhi. Wakanuniana siku tisa, mtoto akawa mjumbe wao.

"Digna, mwambie baba yako chakula tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia."

Mnacheka? Hata majirani walicheka.

Siku ya kumi Apolinari alikwenda na Digna mtoni kutega samaki. Mtoto akasinzia, baba akamrudisha nyumbani na kumlaza ndani. Kandida alikuwa anapalilia shambani. Mumewe alimwona, akampita kimya, akarudi kwenye mitego yake. Angesema tu, "Mtoto yumo ndani!"

Adhuhuri bunduki zikalia. Askari wa Wajerumani walikuwa wakichoma nyumba na maghala. Kandida alikimbilia kwenye matete, akiamini mtoto yuko na baba yake. Apolinari aliambiwa na watu kwamba mkewe ameshakimbia, akamfuata akiamini amemchukua mtoto.

"Digna yuko wapi?" wakaulizana kwa pamoja.

"Si ulikwenda naye mtoni?"

"Nilimrudisha! Nilimlaza ndani!"

"Mbona hukuniambia?"

Walirudi mbio. Askari walikuwa wamepita, na paa la nyumba lilikwisha anguka. Apolinari akafukua makaa kwa mikono mitupu, Kandida akajitupa chini akilia.

"Jamani, acheni! Ninaye mimi!"

Alikuwa bibi Serafina, jirani yao mwenye mguu mbovu. Alishindwa kukimbia na wenzake, akasikia mtoto analia, akamtoa, wakajificha kwenye mpunga.

Apolinari alipiga magoti. "Mama Digna, nilikuaibisha mbele ya kaka zangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nami heri ningekuambia nimeumia, kuliko kununa."

Njaa iliyofuata ilikuwa kali. Waliikabili wakishauriana, hata kuhusu mizizi ya kuchimba.

MAFUNZO

Wanandoa hawakosi kugombana. Aliyekosa aombe radhi mapema, aliyeumizwa aseme, na mtoto asifanywe mjumbe. Siku tisa za kiburi zilikaribia kumuua Digna. Wewe na mwenzako mmenuniana siku ngapi?