Kioo Kinachopinda

Jumatatu moja ya Julai 1996, duka la vioo karibu na Soko Kuu la Mwanza lilijaa wateja. Bernadeta, aliyeachiwa duka na baba yake mdogo, alikuwa akikata vioo vya madirisha, gauni lake la kitenge cha njano limejaa vumbi.

"Dada, nataka kioo cha kujitazamia, chembamba kuliko vyote. Nataka kukipinda."

Akainua macho. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, miwani puani.

"Kaka, kioo hakipindiki. Kinavunjika."

"Huko Ujerumani ndiyo kazi ninayosomea. Naitwa Luhaga, kwetu Misungwi."

Wateja wakacheka. Bernadeta hakucheka. "Unakipinda ili iweje?"

Luhaga akaeleza. Nuru ya nyota huja imenyooka, lakini ikifika kwenye hewa yetu inayotikisika, inavurugika. Ndiyo maana nyota humetameta, na picha yake kwenye darubini huwa na ukungu. Basi nyuma ya kioo chembamba hufungwa vyuma vidogo vinavyokisukuma na kukivuta, mara mamia kwa sekunde, kijipinde kinyume cha mvurugiko ule. Nuru ikigonga hapo, inanyooka tena. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi wa shule aliyosoma, kwa skrubu tu.

Siku hiyo alivunja vioo vitatu. Cha nne Bernadeta akamnyang'anya.

"Acha ubishi! Tafuta bati jembamba, tulisugue ling'ae."

Walilisugua siku nne nyuma ya duka, wakitaniana. Ijumaa, darasani, wakamulika tochi kupitia kioo kikuukuu chenye mawimbi, mfano wa ile hewa inayotikisika. Mwanga ukapiga bati, ukutani likatokea doa lililotapakaa. Luhaga akashika skrubu za nyuma ya bati, Bernadeta akaongoza: "Ya kushoto, kidogo! Legeza ya chini!" Doa likajikusanya, likawa dogo kama kifungo. Darasa likashangilia. Luhaga hakuwa akitazama ukuta. Alikuwa akimtazama Bernadeta.

Kesho yake simu ya duka ikalia. Sauti ya mwanamke, ya mbali: "Mwambie Luhaga nyumba yetu iko tayari. Namsubiri kwa hamu."

Luhaga alipokuja, Bernadeta hakumkaribisha. "Nenda kwa anayekusubiri," alisema, akaingia ndani. Jumapili akaondoka kwenda kwa shangazi yake, Busisi.

Baba mdogo, aliyekuwepo simu ilipolia, ndiye aliyemsimulia Luhaga habari zake na Bernadeta alikokwenda. Luhaga akamkuta Bernadeta kwenye foleni ya kivuko, Kigongo. Shati lote vumbi, pumzi zinamwishia.

"Deta! Yule ni Mama Masalu, mjane wa miaka sabini, Mtanzania mwenzetu anayenipangisha chumba kule. Ananiita mjukuu!"

"Na hiyo 'nyumba yetu'?"

Luhaga akainamisha kichwa. "Nilimpigia Jumatano, nikampa namba ya duka lenu, nikamwambia chumba hakitatosha tena, anitafutie nyumba ya watu wawili; naye kila kitu changu hukiita 'chetu'. Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza."

"Jumatano? Hata mkono ulikuwa hujanishika!"

"Nilikuwa naogopa, mpenzi. Sasa nauliza. Utakubali nikuoe?"

"Nami nitafanya nini huko?"

"Maabara yetu inahitaji watu wa kusugua vioo. Siwezi kukuahidi kazi. Nitakufikisha mlangoni, mengine utayasema mwenyewe."

Kivuko kikapiga honi. Bernadeta akamtwika kikapu cha samaki. "Beba."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Panda, Luhaga, kinaondoka!"

Ng'ambo, shangazi alikuwa amesimama ufukweni.

"Shikamoo, shangazi," Luhaga akasema.

"Marahaba. Huyu nani tena?"

"Mchumba wangu," Bernadeta akajibu, na samaki kichwani mwa Luhaga nusura wamwagike mchangani.