Kadi Bora Kuliko Zote

Wazazi wenzangu, naomba tuingie pamoja katika sebule moja, tena tuingie taratibu, maana juu ya meza zimetandazwa skrubu ndogondogo ambazo zikidondoka hazionekani tena.

Ni Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Fundi wa majokofu, ambaye mtaa mzima unamwita Baridi, ameinamia kasha la kompyuta lililofunguliwa ubavu. Pembeni yake amekaa bintiye wa pekee, msichana wa darasa la tano anayeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haujawahi kwenda likizo. Kiganja chake kimejaa skrubu. Baba akinyoosha mkono bila kutazama, mtoto anamwekea ile inayotakiwa, na hakosei. Jikoni mama yake, mwoka mikate, anakanda unga huku akicheka peke yake kwa maneno anayoyasikia.

"Baba, tukimaliza tucheze ule mchezo wa treni. Tuliucheza shuleni. Mmoja anaendesha, mwingine anageuza njia. Asipogeuza, treni inaingia kwenye matope! Wewe utaendesha, mimi nitageuza. Au wewe unataka kugeuza?"

"Mm," alijibu Baridi, bisibisi ikiwa katikati ya meno.

Walipachika prosesa, ule ubongo wa kompyuta, wakapachika kumbukumbu, wakafunga feni. Ikabaki nafasi moja tupu, ndefu. Hapo ndipo panapokaa kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora kila unachokiona kwenye skrini unapocheza. Chiriku alikuwa ameshavuta viti viwili mbele ya meza, na cha kwake akakiwekea mto ili aifikie vizuri.

"Tunawasha?"

"Bado kidogo, mwanangu. Subiri nitafute kadi. Bila kadi kompyuta ni kipofu."

Hayo ya upofu aliyasikia kwa mtu fulani kwenye simu na hakuyachunguza. Yashikeni, tutayarudia.

Msimhukumu haraka. Baridi hakuwa mlevi, hakuwa mkali, na hakuna mwanamke wa nje aliyewahi kumsumbua mkewe kwa ajili yake. Alipokuwa mtoto kulikuwa na chumba cha michezo karibu na kwao, na yeye alikuwa akisimama nyuma ya watoto wenye uwezo, akichungulia skrini kati ya kiwiko cha huyu na bega la yule. Aliapa kwamba mtoto wake hatachungulia. Mtoto wake atakaa mbele, tena mbele ya kitu kizuri. Nia ilikuwa njema kabisa, na ndiyo maana nasikitika ninapokisimulia kisa hiki.

Siku aliyokwenda kununua kadi, mteja mmoja dukani alimgusa bega. "Mzee, usiinunue hiyo. Mpya zinakaribia kutoka, utajuta." Baridi akarudi nyumbani mikono mitupu, lakini moyo umejaa. Mpya zikatoka. Moja ilikuwa na nguvu lakini inachemka, na mtu anayeishi kwa kupoza vitu hawezi kuingiza joto nyumbani kwake. Nyingine ilikuwa baridi lakini ndefu kupita kasha. Ya tatu ilitaka umeme mwingi kuliko kifaa cha umeme cha kompyuta yake kilivyoweza kutoa. Alipokaribia kuamua, zikasikika tetesi za nyingine zilizo njiani.

Akajiunga na kundi la simu la wapenda kadi, watu wazima wasiowahi kuonana, wanaotukaniana mama kwa sababu ya feni. Akatazama video za vijana wanaoinua kadi mbele ya kamera na kusema, "Msinunue kabla hamjanisikiliza." Baridi alisikiliza wote. Ukimwamsha usingizini angekutajia kumbukumbu, joto na urefu wa kila kadi iliyopo sokoni, kama unavyotaja majina ya wanao.

Na Chiriku? Kila Jumamosi alikaa kwenye kiti chake chenye mto, mbele ya skrini nyeusi, akifanya kazi za shule.

"Leo, baba?"

"Bado kidogo. Subiri."

Siku moja mkewe alishindwa kuvumilia. "Baba Chiriku, si ununue yoyote tu mtoto acheze?"

"Yoyote? Mke wangu, wewe unaweza kuoka mkate kwa unga wowote?"

"Watoto wakiwa na njaa, naoka."

Baridi alicheka. Alidhani ni utani.

Mto ulirudi kitandani bila mtu kuuona ukiondoka. Kiti kikaanza kuwekewa nguo za kupigwa pasi. Chiriku akarefuka, akaanza kusuka nywele kwa mitindo yake mwenyewe, akawa na marafiki wa kucheka nao barazani. Hakununa wala hakulalamika, ila alikoma kuuliza, na Baridi akafurahi kwamba mtoto amejifunza subira. Loo! Subira gani? Mtoto alikuwa ameshakata tamaa, na baba akamsifu kwa hilo.

Alipofaulu mtihani wa darasa la saba, akapangiwa shule ya bweni ya mbali. Asubuhi ya safari Baridi alimbebea begi mpaka kituoni, akaliweka chini ya basi kwa mikono yake.

"Ukirudi utaikuta inawaka," alimwambia. "Safari hii nimeshaipata yenyewe. Inatoka karibuni. Bora kuliko zote."

"Sawa, baba."

Maneno mawili, kutoka kwa mtu ambaye zamani ungelipia apumzike! Baridi alisimama pale hata baada ya basi kuondoka. Kitu kilimchoma kifuani lakini hakukipa jina.

Jina alilipata nyumbani. Jumamosi iliyofuata alikuwa mezani, akirekebisha feni ya kompyuta iliyolegea. Bila kutazama, akanyoosha mkono apewe skrubu. Mkono ukabaki hewani, kiganja wazi. Aliutazama mkono wake mwenyewe kama wa mtu mwingine, kisha akakaa, na machozi yakamtoka. Alimkumbuka sana mwanawe, si yule wa bweni tu, bali yule mdogo aliyejaza skrubu kiganjani na maneno mdomoni.

Chiriku akipiga simu, mama ndiye aliyezungumza hadi salio linakaribia kwisha. Simu ikifika kwa baba ilikuwa, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Upo?" "Nipo." Kisha baba alimrudishia mama simu.

Basi Baridi akaamua. Likizo ilikuwa inakaribia. Alifunga karakana mapema, akaenda duka la vifaa vya kompyuta, akasimama mbele ya dada muuzaji akiwa amejiandaa kama anayekwenda kwenye mtihani.

"Karibu, baba. Unatafuta kadi?"

"Ndiyo, dada. Nataka iliyo bora kuliko zote."

"Itatumika kwa mchezo gani?"

Baridi akaanza kumwaga: kumbukumbu kiasi hiki, joto lisizidi hapa, urefu usipite pale. Yule dada alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Hayo nimeyasikia. Nauliza mchezo. Kadi tunaichagua kwa mchezo, baba. Anayecheza ni nani, na anapenda kucheza nini?"

Mtu aliyejua kila kadi sokoni hakujua mwanawe alitaka kucheza nini. Alitoka nje ya duka, akampigia mkewe.

"Mama Chiriku, hivi yule mtoto alikuwa anataka kucheza mchezo gani?"

Hata simu ilionekana kumshangaa.

"Wa treni," mkewe akasema. "Alikwambia mpaka mimi nikaukariri. Mmoja anaendesha, mwingine anageuza njia."

Alirudi ndani, akamweleza muuzaji. Yule dada akatabasamu. "Ule? Michoro yake ni kama ya penseli za rangi. Hauhitaji kadi, baba. Prosesa uliyonayo ni ipi?"

Akamtajia.

"Hiyo inachora yenyewe. Nyuma ya kompyuta, kwenye bodi, kuna tundu la skrini. Chomeka waya hapo uwashe. Hujawahi kujaribu?"

Hakuwahi. Alirudi nyumbani mikono mitupu kama siku ile ya kwanza, lakini safari hii hata moyo ulikuwa mtupu. Alichomeka waya, akabonyeza kitufe. Skrini ikawaka. Kipofu yule alikuwa na macho tangu siku walipokaza skrubu ya mwisho. Aliuweka mchezo wa treni, akaufungua. Treni ndogo nyekundu ikatokea kituoni ikitoa moshi, na chini yake yakaandikwa maneno: "Anasubiriwa mchezaji wa pili." Akaitazama mpaka mkewe alipokuja na kumshika bega. Hakumlaumu.

Chiriku aliporudi likizo alikuta viti viwili vimepangwa, na mto juu ya kimoja. Alicheka kidogo, akautoa mto, akakaa. Magoti yake yaligonga meza.

"Imewaka! Kadi gani hii, baba?"

"Hakuna kadi, mwanangu. Ingewaka siku ile ile. Sikukusikiliza. Nisamehe."

"Yamepita, baba. Tucheze."

Wakacheza. Baba aliendesha vibaya, binti akageuza njia kwa ustadi, treni ikafika kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Pale Chiriku akaweka mikono mapajani.

"Ajabu," alisema polepole. "Nilikuwa nauota huu mchezo. Sasa hata sikumbuki kwa nini."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo sababu iliuma zaidi. Aliinuka akaenda kumsaidia mama yake jikoni. Treni ikasimama, ikaanza tena kumsubiri mchezaji wa pili.

Baridi alikuwa bado amekaa pale aliposikia sauti kutoka jikoni. "Baba! Jokofu la bwenini kwetu linamwaga maji ndani, chini kabisa. Linakuwa na nini?"

Simu yake ilikuwa mkononi, imefunguka kwenye lile kundi. Kadi mpya ilikuwa imetoka, watu wanachinjana kwa maneno. Neno "subiri" likamfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Akaiacha simu kifudifudi juu ya meza, akaenda.

"Tundu la kutolea maji limeziba," alisema, akiwa ameshafungua jokofu lao. "Liko huku nyuma. Inama ulione. Unaingiza waya laini, taratibu, kisha maji ya uvuguvugu."

Chiriku akainama. "Hili? Hivi na lile la bwenini liko hapa hapa? Na barafu inayoganda pembeni? Na kwa nini linanguruma usiku? Matroni wetu anasema lina jini!"

Maswali yakafuatana bila nafasi ya kupumua. Baridi alichuchumaa mbele ya jokofu lililo wazi, baridi ikimpiga usoni, akajibu moja baada ya jingine. Mama aligeukia unga wake ili wasimwone anavyojifuta macho.

FUNZO

Wazazi wenzangu, tamaa ya kumpa mtoto kilicho bora inaweza kumnyima kilichopo. Kadi zitaendelea kutoka, na kila itakayotoka itakuwa bora kuliko ya jana, lakini darasa la tano mtoto hulipita mara moja. Baridi amempata binti yake wa sekondari. Yule wa darasa la tano hatampata tena, na bado anamkumbuka kwa uchungu. Kabla hamjauliza kitu kipi ni bora, muulizeni mtoto anataka nini, kisha mkae mlisikie jibu. Na kama ndani ya nyumba yako kuna kiti kinachowekewa nguo, kumbuka ni nani alikuwa akikikalia, ukamwite leo.